Sukari ya Mama Inatoka

Mama ana miaka hamsini na tisa, na hedhi yake ilikoma nilipokuwa darasa la tano. Kwa hiyo damu ilipomtoka Jumatatu ile hakushtuka. Alifurahi. Alikuwa amekunywa sorosi ya kutibu kisukari chake wiki sita mfululizo, lile jani chungu linalotambaa kwenye ua wetu, vikombe viwili asubuhi na kimoja jioni, na kwa maoni yake kazi ilikuwa imeanza.

"Sukari inatoka," aliniambia mlangoni pa choo, kama mtu anayetangaza kwamba mvua imekatika.

Jumatano wanawake walikuja kwetu kukuna muhogo wa mikate. Mama hakungoja hata gunia lifunguliwe.

"Mwenzenu nimeanza kupona. Inatoka kwa njia ya chini."

"Sotera, damu tena?" akasema mdogo wake, mama mdogo wangu Tia Pascuala, ambaye naye ana sukari. "Basi tukutafutie mume."

"Cheka tu. Wewe unakunywa majani ya mstafeli mwaka wa nne huu. Umetokwa na nini?"

"Mkojo."

"Mkojo hata mbuzi anao."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akajikuna kidole badala ya muhogo. Jioni watatu waliondoka na fungu la sorosi kila mmoja.

Mimi Jumanne na Alhamisi nasoma masomo ya jioni kwenye shule ya msingi hapa mjini kwetu Dangriga, Belize. Tunakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu, na binti yangu Anselma, mwenye miezi minane, hulala mapajani. Alhamisi ile Mwalimu Góngora, muuguzi mstaafu, alikuwa amefikia mwili wa mwanamke. Alichora kizazi ubaoni kikafanana na parachichi lililopinduliwa. Akasema mwili wenye sukari na mafuta mengi huuhimiza ule utando wa ndani ukue, ukue tu, na hedhi ikishakoma hakuna tena mwezi wa kuufagia. Ndiyo maana wanawake hao wako kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya humo ndani. Dalili ni damu.

Nikanyoosha mkono. "Kama mwanamke ana sukari?"

"Hasa huyo."

"Na mnene?"

"Hasa huyo."

"Na kama damu ilianza baada ya kunywa sorosi?"

Mwalimu akaweka chaki chini. "Ni mama yako, Nati?"

"Ni mtu tu."

"Mwambie huyo mtu si kila damu ni saratani. Lakini damu ya namna hiyo hupimwa yote. Aende wiki hii."

Nilimwambia Mama usiku huohuo, yote, hata lile parachichi. Alisikiliza huku akigeuza ndizi kwenye kikaango.

"Huyo mwalimu ana sukari?"

"Hana."

"Basi amejuaje?"

"Amesomea, Mama."

"Mwanangu, nakupenda. Lakini usinitangazie msiba jikoni kwangu."

Baada ya kula akajilaza, akamweka Anselma juu ya tumbo lake. Nyumbani mtoto huyu halali mahali pengine. Nimejaribu kitanda, nimejaribu bembea. Nikawatazama wote wawili wanakoroma, mmoja kwa sauti nzito na mwingine kwa sauti nyembamba, nikawaza kwamba nikimpoteza huyu mkubwa sitajua hata kumlaza huyu mdogo. Sikulia. Nilikwenda nikaosha kikaango.

Jumapili baada ya misa Tia Pascuala alikuja kula samaki wa nazi.

"Nimewaza," akasema huku akitoa mwiba mdomoni. "Sukari yako kama imetoka, karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Ya daktari. Mtu akipona si huandikiwa? Mimi hata nilipopona jicho niliandikiwa."

Mama akaniangalia. Mimi ndiye msomi wa nyumba.

"Hospitali wanaandika," nikasema. "Ila lazima kwanza wapime inatokea wapi."

Hilo la pili halikuwa uongo. La kwanza sikulichunguza sana.

Jumanne Mama alivaa gauni la kanisani kwenda hospitali, akachukua na chupa ya sorosi kumpelekea daktari zawadi. Daktari alikuwa mwanamke kutoka Cuba, kijana kama mimi, mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Tatizo ni nini, mama?"

"Hakuna tatizo. Nimekuja kuandikiwa."

Akaeleza kwa majivuno, hatua kwa hatua. Daktari hakucheka. Alimtoboa kidole, akasoma: mia mbili sitini na nane.

"Sukari bado iko juu sana, mama."

"Hiyo ni ile inayosubiri zamu."

Daktari akanitazama. Mimi nikamtazama Anselma.

"Mama," akasema taratibu, "hii siyo sukari. Sukari haina mlango huo. Nataka nipige picha ya kizazi, kisha nitoe kinyama kidogo tukipime."

Mama akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilikwambia Alhamisi."

"Alhamisi uliniambia. Jumapili ukanidanganya."

"Ndiyo, Mama."

Akafungua na kufunga kishikizo cha mkoba magotini. Kisha akavua viatu, akavipanga chini ya kitanda cha daktari.

"Pascuala asijue," akasema, akapanda.

Majibu yalichukua wiki tatu. Ilikuwa saratani, ndani ya ule utando, na daktari alisema ipo mwanzoni kabisa, hivyo kizazi chote kitolewe. Akasema pia vidonge vya sukari vimezwe kila siku, kweli kweli, si pale anapokumbuka tu. Mama aliuliza swali moja tu: wale wanawake watatu aliowapa sorosi, awaambie nini? Daktari akajibu, awaambie atakayeona damu asishangilie, aje. Mama alizunguka nyumba zote tatu siku hiyohiyo, kisha akaenda kwa Tia Pascuala, akakaa huko mpaka giza likaingia. Waliyosemezana sijaambiwa. Pascuala alirudi naye akimbebea mkoba.

Tulisafiri hadi Belize City kwa upasuaji. Nilikaa kwenye benchi na Anselma saa nne na nusu. Daktari wa upasuaji alitoka akavua kofia, akasema hawakuona kitu nje ya kizazi. Watapima tena kuhakikisha, lakini ana matumaini. Nami nikawa nayo, yangu na ya Mama.

Mama alizinduka mchana. Siku ya pili waliruhusu ale, wakamletea supu ya maboga isiyo na chumvi wala mafuta. Akaonja.

"Hii sasa ndiyo itakayoniua," akasema, akaimaliza yote.