Mkoba wa Mwenyeji

Bosi wetu nilimpa jina la Mwenyeji kabla basi halijafika nusu ya safari. Tangu tunaondoka hospitalini alikuwa akituambia kwamba mji tunaokwenda anaujua kama kiganja cha mkono wake, kwamba huko yeye si mgeni, tusiwe na wasiwasi. Nilimuuliza aliishi huko miaka mingapi. Akasema alihudhuria semina. Semina ya wiki mbili, miaka kumi na minane iliyopita.

Tulikuwa watatu. Mwenyeji ndiye katibu wa hospitali. Wa pili ni afisa utumishi, mtu mzima na ndevu zake, ambaye tangu aajiriwe sijamsikia akimjibu bosi kwa neno lingine zaidi ya "naam", basi naye jina lake likawa hilo hilo. Wa tatu ni mimi, msimamizi wa chumba cha kufulia. Nilikuwa mwanamke peke yangu, na kwa sababu hiyo tu nikakabidhiwa mkoba wa bosi. Mkoba mweusi wa ngozi, mzito kama una tofali. Ndani yake ndimo ilimokuwa barua yetu.

Shirika moja la misaada lilikuwa linagawa mashine za kufulia zilizokwisha kutumika, na hospitali yetu ilipangiwa moja ya kilo hamsini. Masharti yalikuwa mawili. Tufike na barua yenye mhuri wa hospitali, na tufike ghalani kwao siku ya Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Saa sita ikigonga hatupo, mashine anapewa anayefuata kwenye orodha. Na huyo anayefuata alikuwa ameshatupigia simu mara mbili kuuliza kama kweli tunakuja.

Mashine yetu ilikufa mwaka juzi. Tangu hapo wanawake tisa wanafua kwa mikono mashuka ya wodi nne. Shuka la wodi ya wazazi huliweki kwenye maji ya moto, doa la damu litang'ang'ania humo maisha. Unaliloweka kwenye maji baridi, unalisugua, ndipo unatia dawa ya madoa, na dawa hiyo haichagui shuka wala ngozi. Glovu zikija leo, kesho zimetoboka. Siku ninaondoka, mkubwa wa wale tisa, ambaye sote tunamwita Shangazi, alinipa mkono wa kuniaga nikahisi nimeshika msasa. Hakunitakia hata safari njema.

"Usirudi mikono mitupu," aliniambia, "maana hii yangu imeisha."

Basi Alhamisi hiyo saa tatu asubuhi tulikuwa tumeshakunywa chai na tumesimama mapokezi ya hoteli. Hoteli yenyewe ilikuwa na bomba la maji ya moto linalotoa maji baridi, na pazia linaloziba nusu ya dirisha ili jua lisikose pa kupita. Lakini yule mama wa mapokezi alikuwa mtu wa maana. Alianza kutueleza vizuri kabisa: nusu saa kwa miguu, mkifika kwenye mzunguko pindeni kushoto. Mwenyeji akamkatiza. Alimwambia asijisumbue, yeye ni mwenyeji, na tena tutakwenda kwa miguu ili hawa wenzake wauone mji.

Hapa sina budi kueleza jambo moja la ofisini kwetu. Kwetu mkubwa hatanguliwi. Mlangoni anapita yeye kwanza, ngazi anapanda yeye kwanza, na mkutanoni hakuna anayenyoosha mkono kabla yeye hajakohoa. Njia hatumuulizii, kwa sababu kumuulizia bosi njia ni sawa na kutangaza kwamba haijui. Sheria hizi hazijaandikwa popote, ila mfanyakazi mpya huzijua kabla hajajua choo kiko wapi. Kwa hiyo tukatoka kama familia ya bata. Mwenyeji mbele, Naam hatua moja nyuma yake, mimi na mkoba hatua tatu nyuma ya Naam.

Dira ya Mwenyeji ilikuwa jengo la bluu. Ukishaliona jengo la bluu, alisema, unapinda kulia na umefika. Sasa jamani, miaka kumi na minane. Hata mimi miaka kumi na minane iliyopita nilikuwa na rangi nyingine. Tulipita mtaa wa wachomelea mageti, tukapita mtaa wa magodoro yaliyosimamishwa ukutani kama wanafunzi wanaosubiri kuchapwa, tukapanda ngazi ndefu za zege zilizoishia kwenye mlango uliofungwa. Mwenyeji alitazama ule mlango kwa muda, akasema zamani haukuwapo. Naam akasema naam, haukuwapo. Huyu Naam alikuwa hajawahi kukanyaga mji ule maishani mwake.

Pale pa mzunguko palikuwa na muuza makufuli aliyetandika bidhaa zake kwenye meza. Mara ya kwanza tulipopita alitukaribisha tununue. Mara ya pili alitusalimia tu. Mara ya tatu alisimama, akatupungia mkono, akasema karibuni tena nyumbani.

Nilimsogelea Naam nikamnong'oneza atazame ramani kwenye simu yake. Naye, nitasema ukweli, aliitoa. Mwenyeji akaona.

"Ramani ni za wageni," alisema.

"Naam, mzee, za wageni," akajibu Naam, na simu ikarudi mfukoni.

Nimelea watoto wanne, na mtu aliyepotea asiyetaka kusema namfahamu hata akinipa mgongo. Mwanangu wa pili aliwahi kupotea sokoni akiwa na miaka mitano. Hakulia. Alianza kuimba kwa sauti kubwa, na nilimpata kwa kuufuata ule wimbo. Mwenyeji naye alianza wimbo wake. Alitueleza nani alifungua semina, nani aliifunga, walikula nini siku ya pili, na namna yeye alivyouliza swali hadi mtoa mada akaomba maji. Kila tulipozidi kupotea, ndivyo semina ilivyozidi kunoga.

Saa tano na robo akaketi kwenye kibanda cha soda, akaagiza baridi. Nilitazama saa ya ukutani ya kile kibanda, kisha nikamtazama yeye, nikaona heri niwe mkosefu wa adabu.

"Bosi, niulize njia?"

Alikunywa kwanza. "Mama, wewe fua. Njia niachie mimi."

Naam alicheka. Hakucheka sana, kiasi cha kazi tu.

Nikasema ninakwenda kujisaidia. Nikavuka barabara na mkoba wangu begani, nikaingia saluni. Msusi alikuwa anamsuka mteja mmoja na wawili wanangoja. Sikumaliza hata swali. Alichomeka kitana kwenye nywele za mteja, akaniangalia juu hadi chini.

"Dada, mlikuwa mnatafuta ghala? Mimi nimewaambia hawa ni wakaguzi. Si kwa kuzunguka kule."

Wateja wote walicheka, na yule wa kwenye kiti akaongeza kwamba yeye alidhani tunaandaa gwaride. Msusi aliniita mlangoni, akanyoosha kidole. Kule kwenye mzunguko, nyuma ya meza ya makufuli, geti la kijani. Tulilipita mara tatu. Nikamtajia jengo la bluu, nalo analijua: ndiyo saluni yenyewe hii, waliipaka rangi ya maziwa zamani.

Nilirudi kibandani nikamweleza Mwenyeji kila kitu kwa heshima zote. Ningesema nimeliona geti kwa bahati, pengine angekubali. Nilikosea nikasema nimeelekezwa. Aliweka chupa chini, akasema yeye hawezi kuongozwa na saluni, ghala lilikuwa upande wa pili wa mji na hao watu wa kusuka wanajua nini. Akainuka, akashika njia ya kinyume kabisa. Naam akamfuata, hatua moja nyuma.

Saa ya kibanda ilisema saa tano na dakika thelathini na tano.

Nilibaki nimesimama. Niliwaza barua ya onyo, niliwaza ada za shule za wanangu, kisha nikakumbuka ule mkono wa msasa. Nikawatazama migongo. Sikujificha wala sikukimbia, nilisimama pale pale katikati ya njia ili atakayegeuka anione. Hakugeuka mtu. Mwenyeji hawezi kutazama nyuma kwa kuwa ni kiongozi, na Naam macho yake hayaondoki kwenye kisogo cha Mwenyeji. Walipofika kona wakapinda, na mimi nikageuka na mkoba wao.

Muuza makufuli aliponiona peke yangu aliniuliza kama wengine wamehama. Nikamwambia bado wanatembea. Akanisukumia geti.

Ghalani kulikuwa kumebaki mashine moja. Karibu nayo palikuwa na mama wa makamo aliyevaa sare ya hospitali nyingine, na futi ya kupimia mkononi. Alikuwa anapima upana wa mashine yetu. Mtunza ghala, mwanamume mfupi mwenye penseli sikioni, alikuwa anamtazama na kutazama saa yake. Nilimpa barua. Aliisoma, akauliza huyu katibu aliyetajwa humu yuko wapi.

"Yuko kwenye ziara ya mji," nikasema.

Aligonga mhuri kwa kidole. "Mimi nimeambiwa nitazame mhuri. Sura sikuambiwa."

Alinipa kalamu nisaini. Nikamwambia bado. Nilifungua mlango wa mashine, nikazungusha pipa kwa mkono na kuweka sikio kusikiliza beringi, nikapitisha kidole kwenye mpira wa mlango kutafuta ufa. Nikamwomba aichomeke kwenye umeme. Ilinguruma kidogo, ikatulia, ikazunguka. Bomba la kutolea maji machafu halikuwapo, nikamwambia, akaenda kulitafuta akalileta. Aliniambia wiki hiyo wamekuja makatibu watatu, hakuna aliyefungua mlango, na mmoja wao aliondoka na mashine ya kukaushia akiishukuru kwa hotuba.

Yule mama wa sare alikuwa amekunja futi yake. Hakuniambia neno baya. Aliniuliza tu kama tuna wodi ya wazazi, nikasema tunayo. Akasema na wao wanayo. Ndipo nikaiona mikono yake, na sikuhitaji kuishika kujua iko namna gani.

Nilisaini hata hivyo. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane.

Lori la hospitali yetu, lililotufuata kuja kubeba mashine, liliingia saa sita na nusu. Dereva wake hakuwa mwenyeji wa mji ule, kwa hiyo aliuliza njia na kufika moja kwa moja. Mwenyeji na Naam walikuja saa saba, wameteremka kwenye gari la kukodi. Mashine ilikuwa imeshafungwa kamba juu ya lori. Mwenyeji alisaidiwa kupanda, akaweka mkono juu ya mashine kama aliyeizaa, na Naam akampiga picha kutoka pembe tatu. Mimi nilisimama chini nimeshika mkoba.

Ripoti ya safari iliandikwa na Naam. Ilisema kwamba chini ya uongozi wa katibu, msafara ulifanya ziara ya kina ya mji na kisha kupokea mashine. Mimi nilitajwa kwenye karatasi ya pekee. Ilikuwa barua ya onyo, kwa kosa la kumtangulia kiongozi bila kibali na kuondoka na mkoba wake. Niliisoma mara moja, nikaikunja nikaitia kwenye mfuko wa koti langu la kazi, nikarudi kwenye mashuka.

Koti hilo lilifuliwa Jumamosi pamoja na mengine. Shangazi ndiye anayeendesha mashine sasa, amekataa mtu mwingine asiiguse. Vidole vyake bado vina nyufa, lakini vimeacha kutoa damu. Aliitoa barua mfukoni imekunjika vile vile, akaifungua taratibu isichanike, akaigeuza mbele na nyuma. Haikuwa imebaki na neno hata moja, wala mhuri.

"Hii mashine inafua," akasema, na akaianika barua kwenye kamba.