Tone la Nta

Serafina aliimba, lakini taa iliyorukaruka kwenye miksa, mtambo wa kuchanganya sauti, ilikuwa ya maiki ya padre, na padre mwenyewe alikuwa hajafika.

Kokuberwa hakushtuka. Alikaa nyuma ndani ya kanisa la Buganguzi, miksa mbele yake, rozari kiganjani, akiitazama taa ile kama mtu aliyemwona mbuzi wa jirani ndani ya kibanja chake cha migomba.

"Imeharibika," alisema Byarugaba, mwenyekiti wa kamati. "Na kesho ni jubilei! Ma Kokuberwa, miksa ya zamani uliiweza. Hii ni ya wasomi. Mpe Mwalimu Nathanael ufunguo wa chumba cha vyombo."

Nathanael alikwisha kukunja mikono ya shati. "Tufute mipangilio yote, tuanze upya."

"Ukishaifuta, Mwalimu, utaijaza nini?" Kokuberwa alimwuliza. "Fundi Datius aliyeifunga yuko harusini Bukoba, simu hapokei."

Mwalimu akaanza kukunjua mikono ya shati.

Miaka kumi na mmoja Kokuberwa alikuwa ameitunza sauti ya kanisa hili, tangu alipomzika mumewe, Joackim. Kwenye miksa ya zamani aliacha kila kitufe pale kidole cha marehemu kilipokiacha. Yeye alifuta vumbi na kusali. Hii mpya haikuwa na alama ya kidole cha mtu. Sauti zote zilipita ndani ya waya mmoja mwembamba kutoka visanduku viwili, cha kwanza cha altare na cha pili cha kwaya, na humo ndani ya miksa kila chaneli, yaani njia ya maiki moja, iliambiwa ichukue sauti kutoka kisanduku kipi, tundu lipi. Jana, Datius alipokuwa akizipanga, mjane huyo alisimama begani kwake na daftari, akinakili maneno ya Kiingereza kama anayechora nyayo za ndege.

Aliinuka, akapita juu ya majani mabichi waliyotandaza akina mama asubuhi kwa ajili ya sherehe. Mbele ya kwaya akainama. Kisanduku cheusi kilikuwa na tone la nta. Jana aliliona tone hilo likidondoka kutoka mshumaani juu ya kisanduku cha altare.

"Restituta," alimwita mmoja wa akina mama hao, "mlivisogeza visanduku hivi mkitandaza majani?"

"Tulivisogeza, mama waitu. Lakini tulivirudisha, na kila waya kwenye tundu lake!"

"Mlivirudisha. Kila kimoja nyumbani kwa mwenzake."

Kwaya ikaangua kicheko.

"Basi tuvibadilishe," Byarugaba alisema.

"Tung'oe waya kumi na sita za maiki na kufukua majani yote haya? Kaa, Mwenyekiti."

Hakuomba ruhusa. Wala, kwa mara ya kwanza, hakujiuliza Joackim angefanyaje. Alirudi kwenye miksa, akafungua daftari, akagusa chaneli ya kwanza, ya maiki ya altare, akalinganisha herufi moja moja na zile za kwenye kioo: kisanduku cha pili, tundu la kwanza. Kisha chaneli iliyofuata. Alipomaliza ya kumi na sita, alifanya ishara ya msalaba.

"Serafina, mwanangu, imba."

Sauti ikajaa hadi darini, na taa iliyoruka ilikuwa ya Serafina.

Byarugaba alisogelea maiki ya altare, akanyoosha koti. "Wapendwa, kuhusu ufunguo wa chumba cha vyombo, kamati ilikwisha kuamua kwamba—"

Sauti yake ikakatika. Midomo iliendelea peke yake kwa muda, hadi alipong'amua, akatazama nyuma ya kanisa.

Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya kanga ya Kokuberwa. Kidole chake kilikuwa juu ya chaneli ya kwanza.

"Endelea, Mwenyekiti," alisema bila maiki, na kila mtu akamsikia. "Nimekufungulia."

Mwenyekiti alikohoa. Taa ikaruka mara moja, kisha ikatulia, ikimngoja.