Banda la Viazi Pori

Tamra, binti wa dada yangu, alikuwa aolewe Jumamosi, na hadi Alhamisi hakuna aliyeweza kuniambia ukoo wa mchumba wake. Kwetu Wacherokee tunaoshika mila, ukoo hufuata mama, na watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani. Kulichunguza jambo hilo ni wajibu wa mjomba, na mjomba ni mimi.

Kwa miaka mingi nimewatafutia watu mababu zao hapa Tahlequah. Huja wageni wakidai kwamba bibi wa bibi yao alikuwa binti mfalme wa Kicherokee, ilhali hatujapata kuwa na mfalme. Mimi huwarudisha makwao bila kuwabembeleza. Lakini kwa Dalton Ketcher, mchumba wa Tamra, sikuwa na pa kushika. Orodha za serikali zimeandika majina ya wazee wake, hata kiasi cha damu yao ya Kicherokee, lakini ukoo haziandiki. Jennie, bibi mzaa mama yake, alipelekwa akiwa mdogo shule ya bweni ya serikali, iliyokataza lugha na mila zetu, kama nilivyopelekwa mimi baadaye. Mimi nilirudi na nidhamu ninayojivunia hadi leo. Yeye alirudi amefunga mdomo, akafa hivyo hivyo, bila kumtajia hata binti yake ukoo wao.

Sikutulia. Niliendesha gari hadi Stilwell kuwauliza wazee, nikarudi mikono mitupu. Nikaenda Kenwood, nikakuta mlango wa mzee mwingine umefungwa, nikaizunguka nyumba kana kwamba kuta zingenijibu. Tamra akanipigia simu.

“Mjomba, si useme tu hukupata kitu?”

“Sijamaliza kutafuta.”

“Basi maliza vibaya, kwa ajili yangu.” Alicheka, lakini kicheko hakikukaa.

Ijumaa mchana nikaambiwa kwamba Ollie Bearpaw, aliyekulia jirani na Jennie, yuko kasino. Mahali pale siendi. Siku hiyo nilikwenda, nikamkuta ameinamia mashine ya kamari.

“Sogea, Amos, unaniletea mkosi,” alisema bila kugeuka. “Na tai umevaa! Nani kafa?”

“Mama Ollie, unamkumbuka Jennie, bibi yake Dalton?”

“Nitamsahau vipi? Kabla hawajampeleka shule tulikuwa tunalala blanketi moja kwenye uwanja wa ngoma.”

“Mlikuwa mkiketi wapi?”

Sikuhitaji swali jingine. Uwanjani mabanda saba huuzunguka moto mtakatifu, kila ukoo na banda lake, na mama hamketishi mwanawe kwingine.

“Banda letu, la Viazi Pori. Mama yake akituona tunasinzia, anatufinya.” Akabonyeza kitufe. “Viazi kama wewe, mheshimiwa. Mbona umenywea?”

Viazi Pori ni ukoo wangu, wa dada yangu, na wa Tamra.

Nilikaa garini. Ningeweza kusema sikupata. Nani angejua, ila bibi kizee mmoja na mashine yake? Niliwasha gari, nikazima, nikawasha tena.

Nilipofika kwa dada yangu, Dalton alikuwa akipanga viti uani na Tamra akikanda mkate wa maharage. Niliwaita wote wawili jikoni.

“Jennie alikuwa Viazi Pori,” nilisema.

Dalton alitabasamu. Maisha yake yote alikuwa ameketi uwanjani pamoja na wageni, hana banda. “Kwa hiyo na mimi nina…” Akamtazama Tamra, akarudi nyuma hatua moja.

“Ollie kazeeka!” Tamra alisema. “Juzi kaniita kwa jina la mama! Sema umekosea, Mjomba.”

“Sikukosea.”

“Si ungenyamaza!”

“Ningeweza. Halafu ningesimama mbele ya ule moto wa uwanjani kwa uso gani?”

Tamra alifuta mikono yenye unga kwenye suruali, akanyakua funguo, akatoka. Gari lake lilirusha kokoto hadi ukutani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya Dalton. Badala yake aliniuliza, kwa sauti ya chini, “Nimfuate?”

“Mfuate. Lakini kama kaka yake.”

“Mzee Amos, mimi sijui kaka anamfuataje mtu kama yule.”

Hata mimi sikujua. Nilichukua kofia yangu, nikamwambia apande gari langu, tukashika barabara ileile aliyoishika Tamra.