Vipande Visivyo na Mwenyewe

Jina la Mama Futa alipewa na mwanawe, na likamganda. Alikuwa mtunza ghala la programu pale chuoni, ghala la ndani ya seva, na nafasi haikutosha hata siku moja. Toleo jipya la mfumo wa kompyuta likiingia, la zamani alilifyeka bila huruma. "Mama, iko siku utanifuta na mimi," mwanawe alizoea kumtania, wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Sasa kijana yuko kaburini, ajali ya barabarani, na utani ule Mama Futa hamsimulii mtu.

Siku hiyo mkwewe aliingia ofisini amemshika mtoto mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nipe huyo bwana mdogo."

Mkwe alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Mama, nina ombi. Huyu ameanza kumuulizia baba yake. Namwonyesha picha, lakini picha haisemi. Ile sauti yake ya kwenye diski si unayo?"

"Ninayo. Niitupe wapi?"

Marehemu aliwahi kutengeneza diski ya kusakinisha mfumo kwa ajili ya wasioona. Kila hatua ilielezwa kwa sauti yake mwenyewe: chagua lugha, bonyeza hapa. Sauti yake nyingine haikuwepo duniani. Simu yake ilisagika naye, na ya mkewe iliibwa katika msongamano wa mazishi, Mungu amlaani aliyeiiba.

Ghala lile halikuweka diski nzima nzima, maana nani ana intaneti ya kupakua mzigo wote huo? Liliweka vipande kwenye rafu moja ya wote, na kwa kila diski faili dogo la maelekezo: chukua kipande hiki, kisha kile, vipange hivi. Mwenye diski ya zamani nyumbani, programu ilichota humo vinavyofanana na kupakua vilivyopungua tu. Faili la maelekezo si diski. Hilo Mama Futa aliwafundisha watu mpaka koo likamkauka.

Toleo la mwanawe lilipofika zamu ya kufutwa, aliondoa lile faili dogo rafuni, akalificha kwenye folda yake binafsi ambako hakuna mkono wa kulifikia. Akapangusa machozi, akaamini amemhifadhi mwanawe.

Sasa alilifungua mbele ya mkwewe. Programu ikaanza kukusanya vipande, kimoja baada ya kingine, vizuri tu. Ilipofika kwenye sauti ikaandika: hakipo. Hakipo. Hakipo.

Mama Futa alielewa kabla haijamaliza. Rafu ile ilikuwa na mfagio, programu aliyoiandika mwenyewe, uliofuta kila kipande kisichotajwa na maelekezo yoyote ya rafuni. Vipande vingine vilitajwa na matoleo mengine. Sauti ya mwanawe ilitajwa na faili lile moja tu, alilolihamisha yeye. Mfagio ukaona vipande vyake havina mwenyewe. Na maghala mengine yote yaliiga la kwake. Likifuta, nayo yanafuta.

"Nimemfuta," alisema. "Mwanangu nimemfuta mwenyewe."

Mkwe alimkodolea macho. "Mama, kazi yako si kutunza?"

Neno hilo lilimchoma. Mkwe akaangua kilio, mtoto akalia kwa kuwaona wao wanalia, na Mama Futa akawakumbatia wote wawili asijue nani anambembeleza nani.

Aliwapigia simu watunza ghala wote aliowajua, wote wakampa pole. Mwisho akampata mwalimu mmoja asiyeona aliyewahi kupewa diski ile. Mwalimu aliileta mwenyewe, akipapasa ukuta wa korido. Ilikuwa na mikwaruzo kama sufuria kuukuu.

"Hii ndiyo iliyonifungulia kompyuta," alisema. "Kijana wako ana upole sana kwenye kusema. Nisalimie."

"Salamu zitafika," Mama Futa alijibu, akauma mdomo.

Mkwe aliitwa, akaja na mtoto. Mashine iliisoma diski ikikoroma. Kila kipande kilipimwa kwa alama yake iliyoandikwa kwenye faili la maelekezo, na chenye kasoro hata chembe kilikataliwa. Ukali huo nao ulikuwa wa Mama Futa. Vipande vya sauti vilikataliwa vyote isipokuwa kimoja, kile cha kusikilizwa wakati kompyuta inashughulika.

Mama Futa alitazamana na mkwewe, kisha akabonyeza.

"Subiri kidogo," alisema mwanawe kwenye spika, taratibu, kama anayetabasamu. "Usizime."

Mkwe alijiziba mdomo kwa mkono. Mtoto aliitazama spika, akamtazama mama yake, kisha akakaa sakafuni mbele ya mashine, mikono magotini, akasubiri kama alivyoambiwa.

Alikaa hivyo muda mrefu, na hakukuwa na kipande kingine cha kumpa. Bibi yake akashuka kitini polepole, akakaa kando yake.