Mgowe wa Mudy

Tangu Makambako iwe njia panda ya vibanda na mbwa, hajapata kutokea kijana aliyejitolea kwa jamii yake kama Mudy Seleman. Alilima shamba zima la mjane, peke yake, mpaka viganja vikatoa damu. Haya si maneno yetu. Ni ya Mudy mwenyewe, na aliyasema kwenye kipaza sauti.

Chanzo ni Mwalimu Manase, mkuu wa shule, aliporudi kutoka semina Iringa. Zilikuwa enzi za ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuingia ofisini na shati la kafa-ulaya, mtumba wenye jina la kiwanda cha bia mgongoni. Mwalimu alikuwa ameona wanafunzi wake wanapatana bei hata ya kuazimana rula. Akasimama paredi, akavuta suruali juu ya kitambi.

"Kila mtu wa kidato cha nne atamtumikia mzee mmoja asiyejiweza. Bure! Siku ya mahafali mzee huyo atasimama mbele ya wazazi aseme alichofanyiwa. Sitaki karatasi. Nyinyi mnachonga mihuri kwa viazi, nawajua."

"Na asiye na shahidi, mwalimu?" Mudy akauliza, kwa sauti ya mtu anayemuulizia jirani.

"Huyo hana mahafali. Wenzake wakila pilau, yeye yuko shamba la shule na jembe. Nitamweka mahali ambapo wageni wote watamwona."

Paredi nzima ikacheka, Mudy naye akacheka, huku akihesabu wageni kichwani. Baba yake, Mzee Seleman, alikuwa na lori la njia ya Songea, na mwaka mzima alikuwa akiwaalika madereva wenzake kwenye mahafali ya mwanawe. Mama yake, Bibie, alishaagiza mchele. Mudy aliwajua madereva. Wakimkuta mtoto wa Seleman anapalilia wakati wenzake wanapigwa picha, hadithi itafika Songea kabla ya lori lenyewe, na baba hatainua uso kwenye kituo chochote cha mafuta maisha yake yote.

Akapangiwa Bibi Tabea wa Kitandililo, mjane, mwanakwaya wa Kilutheri, mwenye shamba linaloanzia mlangoni kwake na kuteremka hadi mtoni bila aibu yoyote. Bibi mwenyewe hakuwepo siku ile. Alikuwa amekwenda Njombe, mtaa wa Ramadhani, kwa binti yake Dorika aliyejifungua. Mudy akasimama na jembe jipya, karatasi ya dukani ingali imebandikwa kwenye mpini. Akalima tuta moja. Akalitazama. Akalitazama shamba lililobaki. Akakaa chini.

Getruda, mwanafunzi mwenzake aliyepangiwa kumchotea maji mzee wa jirani, akapita na ndoo.

"We Mudy, unalima au unaliombea?"

"Nalipima. Hivi nyie Wabena mnalimaje mashamba kama haya? Mna trekta mmelificha?"

"Tunaita mgowe. Unawatangazia majirani, wanakuja na majembe, wanalima wote pamoja, kufika mchana limekwisha. Halafu mwenye mgowe..."

"Bure?"

"Wanakuja bure, ndiyo, lakini nisikilize basi, mwenye mgowe ana..."

"Getruda, Mungu akupe mume mwenye baiskeli!" Na Mudy akawa ameshatoka mbio kuelekea njiani. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake tangu chekechea: hakuwahi kumwachia mtu sentensi aimalize, kwa hofu kwamba mwisho wake ungekuwa mzuri kuliko wa kwake.

Jioni ile alisimama njia ya kisimani, kila anayepita akampa salamu ya Kibena na tangazo. "Kamwene, mzee! Kesho kuna mgowe kwa Bibi Tabea. Kamwene, mama! Kesho mgowe!" Watu wakamwuliza nani anaita. "Mimi hapa," akasema, akajipiga kifua. Kama serikali ilikuwa inabinafsisha viwanda, yeye kwa nini asibinafsishe tuta?

Kesho yake walikuja kama harusi. Wakajipanga mstari, wakaimba, udongo ukaruka. Mudy alikuwa kivulini na maandazi ya mama yake, akinyoosha kidole: "Mzee Tarsis, hapo umeacha jani! Mama, inama zaidi, usimwonee haya mdudu!" Mzee Tarsis, kiongozi wa wimbo, alimtazama mara moja, akaendelea kulima. Kijana anayeita mgowe mkubwa namna ile ana haki ya kupiga kelele.

Jua lilipofika utosini, shamba lilikuwa limekwisha. Watu wakafuta majembe kwa majani, wakakaa chini, wakatazama paa la jiko. Paa halikutoa moshi.

"Haya, kijana," Mzee Tarsis akasema. "Sasa?"

"Sasa ahsanteni sana. Mungu awazidishie."

Hakuna aliyeinuka. Mtoto mmoja akakohoa.

"Ahsante tumepokea," akasema Mzee Tarsis taratibu. "Tuiweke kwenye nini? Komoni iko wapi?"

Hapo ndipo Mudy, mtoto wa Kiislamu ambaye hajawahi hata kunusa komoni, alipouona mwisho wa sentensi ya Getruda. Mwenye mgowe hutoa pombe, na chakula juu yake. Akainua mikono yote miwili. "Inakuja, wazee wangu! Mgowe wangu si wa kunywea shambani kama wa watu wengine. Kuna siku maalumu. Mtaitwa!" Akashika jembe lake, akazunguka nyuma ya miti ya misindano kana kwamba anakwenda kujisaidia, na hakusimama mpaka barabara ya lami.

Bibi Tabea aliporudi, alimkuta Mudy ameketi kizingitini, amefunga viganja kwa kitambaa.

"Bibi, shikamoo. Nimekulimia."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lote hili? Peke yako?"

"Niliimba ili nisichoke, bibi."

Bibi akamwombea mpaka Mudy akaona haya, jambo ambalo halikumpata kila mwaka. Akaahidi kuja mahafali kutoa ushahidi. Mudy akarudi nyumbani anapiga mluzi. Shahidi mwaminifu, na hakuona kitu! Wapi utapata mwingine?

Siku ya mahafali, Mzee Seleman alikaa mbele na madereva wake, kanzu imenyooka kama karatasi ya benki. Mudy akapewa kipaza sauti. Hapo ndipo tulipoanzia: jasho, damu, mjane, alfajiri ya umande. Dereva mmoja akatoa leso. Mzee Seleman akamwinamia aliye kushoto, "Damu yangu hiyo," halafu akamwinamia wa kulia, asije akaachwa.

"Shahidi asimame," akasema Mwalimu Manase.

Bibi Tabea akainuka kule nyuma. Waliomzunguka nao wakainuka, benchi zima, na lililofuata. Kila mmoja alikuwa ameshika kitu mkononi: kata, kikombe cha bati, jagi la plastiki.

"Mwalimu, mimi nilikuwa Njombe," akasema bibi. "Niliporudi mjukuu huyu aliniambia amelima peke yake, nami nikamshukuru Mungu. Jioni wakaja hawa, wananidai komoni. Nikawaambia, mimi ni mwanakwaya, kwangu hata togwa nachemsha kwa kuogopa isije ikachacha. Mgowe sikuuita mimi. Aliyeuita alisema mtaitwa siku maalumu, na mimi siku maalumu niliyoalikwa ni hii. Nimewaleta."

Madereva wakageuka kwa pamoja kumtazama Mzee Seleman. Mzee Seleman akayatazama masufuria ya pilau, akautazama umati wa Kitandililo, akavua kofia.

Kutoka safu ya wahitimu ikasikika sauti ya Getruda, "Nilikuwa bado sijamaliza kusema, Mudy."

Mwalimu Manase alishaanza kutafuta jembe kwa macho. Mudy akaanza kurudi nyuma na kipaza sauti mkononi. Mzee Tarsis akawa amefika jukwaani, kikombe mbele kama mtu aliye kwenye foleni ya maziwa.

"Kamwene, mwenye mgowe," akasema kwa upole. "Kumbe ulilima peke yako. Basi tueleze, sisi siku ile ulikuwa unatufokea tunafanya nini?"