Mwanga wa Baada ya Mvua

Aïcha alikuwa mpiga picha za harusi mjini Kisangani. Mama yake alipougua na kukonda, aliomba picha moja.

"Usinipige na hii jua," alisema. "Itaonyesha mifupa."

Wakangoja mvua. Ilipokatika, mawingu yalibaki yametanda na mwanga ukawa laini. Aïcha alimketisha mlangoni, akamgeuza uso nje, na mashavu yaliyobonyea yakajaa tena. Mama akacheka. Aïcha hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile.

Aliituma kwa kaka yake mkubwa, Yakubu, muuza samaki wa Yanonge, akamwambia aje upesi. Yakubu akapiga simu kwa furaha.

"Mama iko muzuri kabisa! Bon, nitamaliza kuuza kwanza, nitakuja juma ijayo."

"Kuja sasa, yaya," Aïcha alimsihi kaka yake. "Ile ni mwanga tu."

Yakubu hakuamini.

Alipofika, mama alikuwa ameshazikwa. Yakubu hakumlaumu mtu. Aliketi karibu na dada yake, akamwomba picha nyingine, yoyote ambamo mama anaonekana mgonjwa, ili naye amuuguze kidogo kwa macho.

Aïcha hakuwa nayo.