Shuka la Rut

Asegelile alikuwa kwenye migomba alipomwona mkamwana wake, Neli, akiburuta sanduku la nguo hadi uani na kumwaga kila kilichokuwamo juani. 

Aliyeagiza ni Lameck, mwanawe. Kabla ya kurudi Chunya kwenye dhahabu alimwambia mkewe: matambara haya yanafuga panya, chagua, chana, mtoto yuko njiani. Na Neli si wa kuambiwa mara mbili. Kilichochakaa kidogo alikiweka kwa viraka, kilichooza akakiviringisha kata ya kubebea mtungi, vipande vyembamba akavisokota tambi za koroboi. Vita vilivyoleta uhaba vilikuwa vimekwisha, lakini nguo katika maduka ya Kyela bado ni za kuota, na mwanamke wa namna hiyo ni baraka. Asegelile mwenyewe alimsifu kwa watu.

Lakini chini ya matambara kulikuwa na shuka la Rut, marehemu mkewe. Rut alilificha humo makusudi, maana ndugu wakifiwa huja kuomba nguo ya kuzikia, na kunyima ni aibu. Alipozidiwa alimnong'oneza mumewe: "Mimi unizike na mkeka. Shuka ni lako. Unaogopa udongo usoni, nakujua." Akamzika na mkeka. Watu wakamwita bahili, na ulimi hauna mfupa, wanamwita hivyo hadi leo. Hakumweleza mtu. Kisha nyumba akawaachia vijana, akahamia kibandani, na tangu Neli aingie hajakanyaga kizingiti kile. Kwa desturi yao, baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawasemeshani. Sanduku likabaki humo.

Neli akalivuta shuka. Lilikuwa limegeuka rangi ya chai na panya wameonja pembe moja. Akaligeuzageuza, akitafuta pa kuanzia kuchana.

Asegelile akakohoa.

Hapo ndipo alipoharibu, maana baba mkwe akikohoa anasema: napita, jifiche. Neli akajifunika kichwa, akakumbatia shuka, akakimbilia nyuma ya nyumba. Mzee akamfuata kwa mbali, akakohoa kwa nguvu zaidi. Neli akazunguka upande wa pili, ameinama, tumbo lake kubwa mbele. Mwisho akaingia ndani na kufunga mlango.

Angeita tu: "Usichane!" Mchungaji alishahubiri kwamba kukimbiana huku ni mambo ya kale, na Asegelile, mzee wa kanisa, aliitikia amina kuwazidi wote. Akafumbua kinywa. Akakifumba. Akasikia kitambaa kikichanika huko ndani, polepole, kwa ustadi, naye amesimama kama mwizi kwenye ukuta wa nyumba aliyoijenga.

Jioni akaja Angetile, jirani aliyezoea kuwapelekea maneno yao.

"Ugonile, baba," akamwamkia. "Neli amenituma. Amesikia unavyokohoa, amekuonea huruma. Kitambaa kizuri alichokipata amekata nepi, lakini kipande hiki amekuwekea wewe, ujifunge kifuani."

Lilikuwa pindo lenyewe, na mishono ya Rut bado imo. Asegelile alitaka kutukana. Alimchukia Neli, mtoto wa watu asiye na kosa, akajichukia mwenyewe zaidi. Rut alilala kwenye mkeka bure.

"Mwambie ndaga, nashukuru," akasema.

Angetile akamzungushia kipande kifuani, akafunga fundo mgongoni, akalivuta kidogo, akasema kimemtosha kabisa.